Kijaluba changu cha utotoni: nikae nacho au nimpe binti yangu?

BintiMkomani

Asalaam aleikum wapendwa. Nina jambo lanikaa moyoni naomba mawazo yenu, hasa nyinyi watu wa Lamu na Malindi manake mtaelewa bila kuelezwa sana.

Nina kijaluba. Kile cha shaba cha kutilia uraibu, yaani tambuu na popoo za kutafuna, kidogo tu, chaenea kiganjani, kimechorwa maua kwenye mfuniko na bawaba imelegea kwa hiyo ukikifungua kwa pupa mfuniko walala upande. Kilikuwa cha bibi mzaa mama. Pale nyumbani Mkomani, mtaa wa Lamu, alikuwa akikaa nacho msanani, kile chumba cha kukaa, jioni na tambuu zake, alafu meno yakaanza kumsumbua akaacha popoo, akakiosha akanipa mimi, akaniambia haya tia vitu vyako. Nilikuwa mdogo sijaanza hata nasari.

Basi nikatia. Mpaka leo vimo na navijua kwa kupapasa hata stima ikipotea. Kuna senti kumi ya zama za Mwingereza ile yenye tundu katikati, ya 1952, ina jina la Mfalme George, babu ndo alinipa akaitilia uzi nikawa naivaa shingoni kabla haijaingia kijalubani. Kuna komwe moja, ile mbegu ngumu ya kijivu, watu wa pwani hii mnaijua, unaisugua barazani mpaka ipate moto alafu unambandika mwenzio mkononi anaruka, na kakangu aliruka sana. Kuna kete, yale makombe madogo ya bahari, za ufuo wa Shela. Kuna vipande vya sahani vyeupe vyenye buluu tulivyokuwa tukiviokota maji yakipwa siku za bamvua, vimelainika kingo zote. Kuna kifungo cha kanzu ya babu. Na kuna ufunguo. Huo ufunguo ni wa kasha la bibi, lile la mbao lenye misumari ya shaba, kasha lenyewe liliuzwa zamani kwa mtu wa biashara ya vitu vya kale wakati kuna shida nyumbani, likaenda bila ufunguo kwa sababu ufunguo nilikuwa nao mimi na hakuna aliyeniuliza.

Sasa mkiviona hivo vitu mumeniona mimi mwenyewe. Mie ni mtu wa kuweka. Nikiwa mdogo kila siku kabla ya maghribi nilikuwa navimwaga kwenye jamvi navihesabu, kimoja kikikosekana silali, nyumba nzima itatafuta. Leo nafanya kazi ya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi na bosi akitaka risiti ya zamani haangalii kompyuta, ananiuliza mimi. Nakumbuka nani alikuja kwenye arusi gani na alileta nini. Nakumbuka bei. Mama anasema yule mtoto wa jamvini hajaondoka na ni kweli, na mie najivunia, sioni haya kusema hivo, kwa sababu kwetu vitu vingi vimepotea na kama si mtu mmoja kuweka hakuna angejua kama vilikuweko.

Shida ni binti yangu. Yuko gredi ya nne, mashallah mtoto mzuri mwenye moyo, lakini haweki kitu. Ukimnunulia biskuti amegawa mpaka yeye amebaki na karatasi. Idd iliyopita bangili mpya alimvalisha mtoto wa jirani siku ile ile, nikamuuliza mbona akanijibu "alikuwa anaiangalia mama". Sasa kijaluba anakitaka, na haombi kukiangalia, anakitaka kiwe chake. Nilimpa kete moja kumpima, kufika ijumaa iko kwa rafiki yake shuleni. Nikimpa chote naona kabisa senti ya babu iko kwa mtu simjui Barani huko.

Nikimkatalia naona namfundisha ubakhili. Nikimpa naona nautawanya utoto wangu na wazee wangu. Nyinyi mungefanyaje? Na nyinyi mna kitu gani cha utotoni mumekiweka, nacho kinawaeleza vipi? Nataka kusikia kweli.

Tausi_wa_Pwani

Waaleikum salaam dadangu. Wee kifunge kabatini alafu mnunulie mtoto kibati kingine kizuri kule mji wa kale, atie vitu vyake mwenyewe. Cha kwako atakirithi akiwa mkubwa ana akili zake. Gredi ya nne bado mdogo sana kwa kitu cha bibi.

MwanaMatondoni

Mie niko upande mwengine na Tausi, samahani.

Kitu changu ni kidau. Nimezaliwa Matondoni, babangu fundi wa majahazi, na pale kila mtoto wa kiume alikuwa na kidau chake, tofauti ni nani kakichonga. Wengine walikuwa wanatia tanga la mfuko wa nailoni kwenye kipande cha kumbi la nazi basi kinakwenda. Changu alinichongea baba kwa kipande cha mti kilichobaki kwenye mataruma ya jahazi ya watu, akakitia mkuku vizuri, mlingoti, foromali ya kufungia tanga, tanga la marikani alilishona mwenyewe, na kabla hajanipa alikipiga kalafati na kukipaka sifa kama chombo cha watu wazima. Kilikuwa chanuka yale mafuta ya papa wallahi, mamangu hakutaka kilale ndani. Nilikuwa nakaa naye kwenye kivuli pale anapofanya kazi, keekee yalia, tezo yalia, na mie na kidau changu nafanya alivofanya. Akigeuza chombo akapake shahamu na chokaa chini na mie nageuza changu.

Alafu tulikuwa tunakwenda kushindana pwani maji yakianza kujaa. Ndo pale unajua tanga lako likoje, foromali ikiwa nzito mbele kinazama pua, ikiwa nyepesi kinageuka. Huwezi kujua hayo kwa kukitizama kimewekwa juu ya meza. Nikishindwa narudi kwa baba, ananiambia kipunguze hapa, ananipa tezo ndogo, napunguza mimi mwenyewe. Kile kidau kufika mwisho kilikuwa na kazi yangu nyingi kuliko ya baba.

Leo sikuwa fundi wa vyombo, natengeneza injini za boti na jenereta huku Lamu mjini lakini ni yule yule, siwezi kuambiwa kitu kinafanya kazi, lazima nikifungue. Mteja akiniletea mashine anasema imekufa, mie furaha yangu ndo inaanza. Hiyo tabia niliitoa pale kwenye matope na kidau.

Na kidau chenyewe nimewapa watoto. Wamekivunja usukani, mlingoti wamebadilisha wametia fito, tanga sasa ni gunia la mchele. Sijaumia hata kidogo. Kinakwenda majini na mtoto wangu wa kati ameshajua kukipunguza pale pale nilipokuwa napunguza mimi. Kwa hiyo mie nasema mpe. Kitu cha mtoto kikae na mtoto.

Mambrui_Kwetu

MwanaMatondoni nakuheshimu lakini kidau na kijaluba ni vitu viwili tofauti kabisa. Kidau kikivunjika mlingoti unatia mwengine na kinabaki kidau. Ile senti ya babu ikienda imekwenda na hakuna fito ya kutia mahali pake. Hapo umemrahisishia dadetu jambo ambalo si rahisi.

Mie kwangu ni ubao wa chuo. Nilisoma kwa maalim hapa hapa Mambrui enzi ambazo juzuu za kuchapisha zilikuwepo lakini yeye alitaka tuanze kwa ubao, alisema mkono ukiandika ndo kichwa kinashika. Wino tulikuwa tukitengeneza wenyewe kwa masizi ya chungu, kalamu ya mwanzi unaichonga ncha kwa wembe. Unaandikiwa aya, unasoma mpaka umehifadhi, unasikilizwa, ukipita unaosha ubao unaanika juani unaandika nyingine. Yaani kila nilichosoma pale kimeoshwa. Ubao ninao, uko juu ya rafu ya vitabu, hauna hata herufi moja ya kusomeka, una ule weusi weusi tu ulioingia kwenye mti na pembe moja imechakaa pale nilipokuwa nikiushika.

Na mie ni mwalimu sasa wa msingi. Wenzangu wanashangaa kila mwaka naandika matayarisho ya masomo upya, sichukui ya mwaka jana nikabadilisha tarehe. Siwezi. Naosha naanza. Hata mtu akinikosea tukishamaliza kuongea kwangu imeisha, sirejei. Sijui kama ni ubao ulinifanya hivo ama nilikuwa hivo ndo maana niliupenda ubao wakati wenzangu walikuwa wanauchukia, lakini nikiuona najiona.

Ila simpi mtoto yeyote auchezee. Wanangu wanajua ni wa baba, wanaushika mbele yangu, nawahadithia, narudisha juu. Wanauheshimu kwa sababu mie nauheshimu. Dada BintiMkomani, mtoto wako hajui hiyo senti ni nini. Kwake ni chuma chenye tundu. Mkalishe chini umwambie kila kitu kilipotoka, babu alikuwa nani, ufunguo ni wa nini, fanya hivo mara nyingi, miaka hata. Akishajua ndo umpe. Atakayegawa baada ya kujua ni mwengine na anayegawa sababu hajui.

Na tena vile vipande vya sahani navyo usivichukulie rahisi. Hapa kwetu Mambrui tuna lile kaburi la mnara la zamani lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina, na 2010 wataalamu walifukua hapa hapa wakatoa sarafu ya Kichina ya shaba ya zama za mfalme Yongle, na huyo ndo yule ambaye 1415 wajumbe kutoka Malindi walimpelekea twiga. Huenda una kitu kikubwa kwenye hicho kibati.

kijana_wa_gede

Naingilia hapo kwa vipande vya sahani maana ndo kazi yangu, naongoza wageni kwenye magofu ya Gede na nimesomea mambo haya kidogo.

Vipande vyeupe na buluu ukanda huu ni vingi sana kuanzia Gede mpaka Pate. Gede yenyewe Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, alipoanza kufukua 1948 alikuta vyombo vya kutoka China na nchi za Waislamu kule kaskazini, mji ule umeachwa zamani lakini watu wake walikuwa wakila kwenye sahani za mbali. Lamu nako nyumba za mawe zilikuwa na vidaka ukutani vya kupambia vyombo hivo, kikivunjika kinatupwa, kinaishia pwani, miaka mia mbili baadaye mtoto anakiokota. Lakini si vyote ni vya China wala si vyote ni vya kale sana. Vingi ni sahani za Ulaya za karne ya 19 zilizokuwa zikiletwa kwa wingi. Angalia pale palipovunjika: cha China cha porcelaini ni cheupe ndani na kimeshikana, kinapitisha mwanga kidogo ukikiinua, na kile kingine kwa ndani ni kama chokaa au udongo.

Sasa neno la muhimu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na ukikipata unatakiwa upige ripoti. Kwa hiyo vipande hivo vipeleke uvionyeshe makumbusho, ukienda Lamu pale makumbusho kando ya bahari wataviona, au hapa Malindi. Hakuna wa kukugombeza kwa ulichookota ukiwa mtoto. Wanachotaka kujua ni umekiokota wapi, kwa sababu kipande bila mahali hakiwaambii mengi. Na wee unakumbuka mahali! Hiyo tabia yako ya kuweka na kukumbuka ndo tunayoililia sisi kazini. Ile sarafu ya Yongle iliyopatikana kisiwani Manda 2013 ilitikisa watu, na wataalamu walijua imetoka wapi. Ingekuwa mtu kaitoa mfukoni tu akasema nimeipata huko, ingekuwa sarafu basi.

Senti yako ya 1952 ni yako, haiguswi na sheria hiyo. Zilitolewa nyingi sana zile, Kenya ikaja kutoa sarafu zake yenyewe 1966. Kwa bei haina kitu, kwa hiyo usikubali mtu akutishe nayo wala akudanganye.

Kuhusu mtoto mie sina la kusema, sijazaa bado.

BintiMkomani

Ahsante sana nyote, nimesoma kila neno, kijana wa Gede umenifungua macho, nimekwenda kuangalia pale palipovunjika na vingi vina ule udongo kwa ndani ila kimoja ni cheupe tupu. Nitavipeleka vyote nikienda Lamu, na naweza kuwaambia kila kimoja ni ufuo wa upande gani.

Mwalimu wa Mambrui neno lako la kumkalisha chini limenikaa. Lakini niseme ukweli mtoto huyu nimeshamhadithia, anajua babu alikuwa nani, ile kete alikuwa anajua ni ya Shela na ndo hiyo hiyo alimwambia rafiki yake wakati anampa, "hii ya Shela kwetu". Yaani amegawa akijua. Hapo ndo ninapokwama.

Bi_Langoni

Mwanangu BintiMkomani, mie ni mtu mzima, mato yangu kwa simu hayawezi, namwambia mjukuu wangu aandike. Mjukuu kanisomea yote haya tangu yuu mpaka tini na nimengoja mtu aseme neno moya hamukulisema.

Nyote mwazungumza zitu zilizomo ndani. Hakuna aliyeuliza kijaluba ni cha nini.

Nyumba zetu za kae mgeni akiya, wa mui au wa mbali, akishakaa tu kijaluba chawekwa mbele yake. Kabla ya kahawa, kabla ya hujambo za ndefu. Ndani mna popoo imekatwa, mna chokaa, mna katu, mna tumbaku kwa anayetumia, iliki na karafuu, na tambuu zenyewe zimefunikwa kitambaa kibichi. Mgeni anajitengezea apendavyo, wa chokaa nyingi, wa tumbaku nyingi, huulizi kwa nini umechukua nyingi. Mwenye nyumba anakula mwisho. Wanawake tulikuwa tukizunguka jioni, nyumba hii mpaka nyumba ile, twapita kwenye wikio, daraja la yuu la nyumba na nyumba, wala ndiani hatuonekani, na kila nyumba kijaluba kiwazi. Bibi aliyefunga kijaluba chake mgeni akiweko, mui mzima ungejua kabla ya isha.

Kwa hiyo bibi yako mie naamini nilimjua, au nilijua wa mfano wake, Mkomani hawakuwa wengi wa kukaa msanani na kijaluba cha maua. Na kama ndiye, yule hakuwa mtu wa kuweka. Yule alikuwa mtu wa kutoa. Kile kijaluba kilikuwa chaisha kila siku na kila siku akikijaza. Alikupa wee ukakifanya cha kuwekea, na hapana ubaya, alikwambia tia vitu vyako na vyako vilikuwa hivo. Lakini huyo mwana wako usimuone kama amekuya na tabia ngeni nyumbani. Muulize mamako mwana huyo amefanana na nani.

Tausi_wa_Pwani

Subhanallah Bi Langoni. Mie ule ushauri wangu wa kabati nimeutoa.

Mambrui_Kwetu

Bi Langoni shikamoo. Nimekaa nikafikiri sana hapa. Bado nasema ile senti na kifungo ni vya kuwekwa, sitobadilika kwa hilo, lakini kwa kijaluba chenyewe sina hoja tena. Ila nauliza, mtoto akikipata atatia nini? Siku hizi tambuu hatutaki watoto wazijue kabisa, madhara yake kwa meno na kinywa tumeshayaona kwa wazee wetu.

Bi_Langoni

Marahaba mwanangu. Si lazima tambuu. Atie tende, atie peremende, atie iliki, atie atakacho. Kijaluba hakijui.

MwanaMatondoni

Mie nilishasema mapema lakini sababu yangu ilikuwa nyingine, hii ya Bi Langoni ni nzito zaidi. Dada hiyo bawaba niletee ukija Lamu. Natia pini mpya ya shaba na siharibu kitu, usikubali mtu akuchomelee kwa risasi, itakaa vibaya na yale maua yatapata doa la moto.

BintiMkomani

Jamani nimechelewa kujibu kwa sababu nilimpigia mama na tuliongea mpaka simu ikazima.

Nilimuuliza kama alivosema Bi Langoni, huyu mtoto kafanana na nani. Mama hakufikiri hata, akasema ni bibi yako yule, mie nilikuwa najua tangu bangili ya Idd nikanyamaza nikaona utaona mwenyewe. Alafu akanieleza kitu ambacho miaka yote hii sikukijua. Lile kasha halikuuzwa kwa shida ya nyumba yetu. Kulikuwa na kijana wa nyumba ya pili, yatima, amepata nafasi sekondari na karo hakuna, bibi akamwita mwenye biashara akauza kasha, akawaambia watu wa nyumbani kuna shida basi, wasiulize. Ndo maana mie nilikua nikijua ni shida yetu. Na yule mnunuzi alirudi siku ya pili anataka ufunguo maana kasha lenye ufunguo wake lina bei nyingine, bibi akamwambia ufunguo una mwenyewe na mwenyewe amelala, akampunguzia pesa ili nisiamshwe.

Kwa hiyo alijua. Alijua nimeuweka na aliniachia niweke. Yeye mtu wa kutoa, akalipa pesa yake mjukuu awe mtu wa kuweka. Nimelia sana jana, mume wangu kaja kaniona jikoni akadhani kuna msiba.

Nimeamua hivi. Vitu nimevitoa. Senti, komwe, kifungo na ufunguo vimekaa kwenye kimfuko cha kitambaa nilichokishona, hivo ni vyangu na vitabaki vyangu na nikifa vitakuwa vya atakayevitaka kwa moyo, naye mwalimu umenipa nguvu ya kusema hivo bila kuona vibaya. Vipande vya sahani vinakwenda makumbusho. Kete zimebaki ndani, nilimuuliza mtoto akasema zibaki anataka kuanzia na hizo. Na kijaluba nimempa. Nilimwambia bibi mkubwa alikuwa akikiweka mbele ya mgeni kabla ya kahawa, akaniuliza "na yeye alikuwa anakula saa ngapi?" nikamwambia mwisho. Basi tangu hapo kila anayepita mlangoni anawekewa kijaluba, jana fundi wa maji alikalishwa akapewa tende na kete moja, kapokea kwa mikono miwili.

Mie nikaona nifungue daftari. Naandika ndani ya kijaluba kumetoka nini, kimekwenda kwa nani, siku gani. Fundi wa maji ameshaandikwa. Yeye atoe, mie niandike.

MwanaMatondoni bawaba nitakuletea inshallah tukija Maulidi, nitakutafuta. Swali la mwisho, hii shaba imeingia weusi kwenye yale maua na kona moja ina ukoko mweupe, nadhani ni chokaa ya zamani ya tambuu. Nisafishe na nini bila kuharibu? Duka moja hapa waliniambia dawa ya kopo naogopa.

Bi_Langoni

Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako. Dawa ya kopo wacha. Roweka ukwaju kwa maji ya moto kidogo, ukishalainika paka kote, ngoja kidogo tu, sugua kwa kitambaa laini na kwenye maua tumia mswaki wa zamani. Ule ukoko mweupe ni chokaa kweli, ukwaju huo huo utauregeza, kama haukutoka mara ya kwanza rudia, usikwangue kwa kisu wala usitie waya wa kusugulia sufuria, michoro itaondoka. Suuza kwa maji mengi, ukaushe pale pale usiache unyevu ndani ya bawaba. Na weusi ule wa ndani kabisa ya maua uwache usiumalize wote, ndio unaofanya maua yaonekane.

MwanaMatondoni

Sawa kabisa kwa Bi Langoni. Ongeza tone moja la mafuta ya nazi kwenye bawaba ukishakausha, litakushikia mpaka ukija. Nipo karakana karibu na jeti ya mizigo, uliza fundi wa injini wa Matondoni utaletwa.